Kuskus: kupika ao kulowanisha?

Kati ya vyakula vya kigeni ambavyo vimeingia katika miji yetu, kuskus iko na bahati mbaya ya pekee: ilifika bila upishi wake. Tulipokea punje ndani ya karton, na juu ya karton maneno machache tu: mwangia maji ya moto, funika, ngoja dakika 5. Kisha kula, watu wanasema kama ni chakula cha wagonjwa, chakula kisichojaza tumbo, kitu ambacho si mchele wala si bugali. Ndugu wasomaji, tunaona kama hukumu hiyo haina haki, juu kile wanachokihukumu hakikupikwa nyumbani hata kidogo. Kililowanishwa.

Turudi kwanza kwa wenyewe. Kuskus ni chakula cha Afrika ya Kaskazini: Maroko, Aljeria, Tunisia, Libya, hata Moritania. Wamazigh, wale ambao vitabu vya Wafaransa vinawaita Waberberi, wanaiita seksu. Tayari katika karne ya 13 Ibn Razin al-Tujibi, mtu wa Murcia kule Andalusia, aliandika namna ya kuipika katika kitabu chake cha mapishi. Si kitu cha jana.

Na punje yenyewe haioti shambani, jambo ambalo wengi kwetu hawalijui. Wamama wanatwaa ngano ngumu iliyosagwa kwa ukubwa ukubwa, wanaimwanga katika sahani pana ya mti ao ya udongo, wanainyunyizia maji ya chumvi na unga laini, halafu wanaizungusha kwa kiganja, polepole, mpaka vijipunje vinajifunga. Kisha wanachekecha, wanaanza tena na zile zilizobaki kubwa, wanaanika juani. Hiyo ni kazi ya wanawake wengi pamoja, na masimulizi ndani yake.

Sasa mvuke. Vyungu viko viwili, kimoja juu ya kingine. Cha chini, gdra, kinapika mchuzi: nyama, dengu, karoti, shu, maboga, vitunguu. Cha juu, keskas, kina matundu chini, na ndani yake punje. Pale vyungu viwili vinapokutana wanazungushia kitambaa kilicholowanishwa katika maji na unga, juu mvuke usitorokee pembeni bali upite katikati ya punje. Saa haihesabiwi tangu kuweka punje, inahesabiwa tangu mvuke kutokea juu. Kisha dakika 15 ao 20, punje zinamwangwa katika ile sahani pana, mama anavunja madonge kwa mikono ingawa yanachoma, anatia mafuta kidogo na maji ya chumvi, anaziacha zinywe, anazirudisha juu ya moto. Mara ya pili. Mara nyingi hata ya tatu.

Mtu atauliza: juu ya nini mateso yote haya? Jibu liko katika punje. Ukiitia punje ya ngano katika maji yanayochemka, inakunywa kupita kiasi, inapasuka, wanga wake unatoka nje na kuwa gundi. Sisi wala bugali tunaijua ile gundi vizuri, tunaitafuta kwa makusudi na mwiko wetu. Lakini mpishi wa kuskus anaikimbia. Mvuke unaleta maji kidogo kidogo, punje inavimba bila kupasuka, na wanga unabaki ndani. Njo maana kila punje inasimama peke yake, nyepesi, na inaweza kupokea mchuzi bila kugeuka uji. Tena mvuke ule haukutoka katika maji matupu, umetoka katika mchuzi, na umepita na harufu yake.

Tuwe wa haki na karton pia. Ile punje ya kiwanda imekwisha kupitishwa katika mvuke kule kule kiwandani, kisha ikakaushwa. Kwa hiyo dakika 5 si uongo: maji ya moto yanairudishia tu unyevu wake. Kosa la karton ni kunyamaza. Haisemi kama kuna njia nyingine, wala kama yenye kuandikwa pale ni njia ya mtu mwenye haraka. Na mtu ambaye hakumuona mama wa Fez ao wa Constantine akifanya kazi, atapata wapi mashaka?

Tarehe 16 desemba 2020, UNESCO iliandika kuskus katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Aljeria, Maroko, Moritania na Tunisia pamoja. Tunawasifu kwa mambo mawili. La kwanza, nchi zile hazipatani sana, hasa Aljeria na Maroko, na hata hivyo zilitia jina kwenye karatasi moja. La pili ni kubwa zaidi: kilichoandikwa si sahani ya chakula. Ni maarifa, ujuzi na desturi za kutengeneza na kula kuskus. Yaani mikono.

Lakini hapo pia tuko na neno. Orodha inasifu ujuzi, haisemi saa zile zinatoka wapi. Kuskus ya ijumaa kule Maroko, ile ya kisha sala ya adhuhuri, inadai mtu abaki nyumbani tangu asubuhi, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Binti yake akiwa ofisini ao kiwandani, atachukua karton, na hatuwezi kumhukumu. Wanaume wanaolia kama mila inapotea, wangapi kati yao wamekwisha kushika chekeche?

Hapa watu wengine watasema: kuskus ya Waarabu inatuhusu nini? Inatuhusu, juu mvuke na mikono hiyo iko huku kusini pia. Kule Senegal wanapika punje za mawele kwa mvuke. Kule Côte d'Ivoire wanapika attiéké, ambayo ni mihogo iliyochachuka, ikafanywa punje, ikapitishwa katika mvuke, na UNESCO iliiandika nayo katika mwaka 2024. Na sisi tuko na kwanga. Mihogo inalala siku kadhaa ndani ya maji mpaka sumu yake inatoka, nyuzi zinaondolewa, inapondwa, inapikwa mara ya kwanza, inakandwa, inafungwa katika majani, inapikwa tena. Mara mbili juu ya moto na mikono katikati, sawa vile kuskus. Sisi Wakongomani wa pande mbili za mto tuliandikisha rumba katika mwaka 2021, na ilistahili. Lakini mwanafunzi wetu anayeweza kueleza juu ya nini kwanga inapikwa mara mbili, tumtafute wapi? Katika kitabu gani cha darasa?

Kwa mwenye kutaka kujaribu mwenyewe, chungu cha Maroko si lazima. Sufuria moja juu ya mbabula, juu yake chujio cha chuma kinachoshika vizuri mdomoni, na pale vinapokutana donge la unga na maji. Hata punje ya karton inafaa: nyunyizia maji ya chumvi na mafuta kidogo, sugua kwa mikono, acha dakika 10, weka katika mvuke, toa, vunja madonge, rudisha. Matundu yakiwa makubwa, usiogope, mvuke wenyewe unazishika punje zisianguke, ila chache za kwanza. Mchuzi wa chini uwe mwingi, na maji yake yasiguse chujio. Na makala yasiishe katikati, juu punje ikipoa kabla ya mara ya pili inakuwa ngumu, na utasikia tena maneno ya chakula cha wagonjwa.