Upanga Uleule, Miili Isiyo na Uzito

Crouching Tiger, Hidden Dragon: Sword of Destiny ilipotoka Februari 2016, watazamaji walioipenda filamu ya kwanza ya mwaka 2000 waliipokea kwa lawama zilizokaribiana sana. Picha zake, walisema, zimekaa kama mchezo wa kompyuta. Watu wanapaa, lakini moyo haushtuki. Tena Wachina wa enzi ya nasaba ya Qing wanazungumza Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo walioitetea, hasa wapenzi wa mwigizaji Donnie Yen: wao walifuata ngumi na mapanga, na walivipata. Kila upande una hoja yake, ila wale wa kwanza waligusa jambo la kiufundi linalostahili kuchambuliwa polepole. Filamu ya pili imepoteza uzito wa miili.

Lawama hiyo haiwezi kutupiwa mpangaji wa mapigano, maana ni yuleyule. Yuen Woo-ping, aliyeongoza Drunken Master mwaka 1978 na kupanga mapigano ya The Matrix mwaka 1999, ndiye aliyempangia mwongozaji Ang Lee mapigano ya filamu ya kwanza. Katika sehemu ya pili amekaa kwenye kiti cha mwongozaji mwenyewe. Michelle Yeoh amerudi kuwa mpiganaji Yu Shu Lien. Upanga wa Green Destiny ndio ule ule unaogombewa, na hadithi imetoka tena katika riwaya za Wang Dulu. Tukitaka kujua kilichoharibika, tutazame vitu vinavyokaa kati ya pigo na jicho la mtazamaji: waya, kamera, muda na sauti.

Tuanze na waya. Katika filamu za Hong Kong, mwigizaji anayepaa huvaa mkanda maalumu chini ya nguo, nao hufungwa kwenye waya zinazopita juu kwenye kapi. Upande wa pili wapo watu wanaovuta kwa mikono, wakihesabu kwa pamoja. Zamani waya zililazimika kuwa nyembamba ili zisionekane, na mara nyingi kamera ilijificha kwenye giza au kwenye mikato ya haraka. Filamu ya 2000 ilifuta waya kwa kompyuta, fremu baada ya fremu, na kazi hiyo ikampa Ang Lee na mpigapicha wake Peter Pau uhuru wa kurudi nyuma na kumwonyesha mwigizaji mzima, mchana kweupe, kuanzia ardhini hadi angani. Kompyuta ilitumika kuondoa kitu, nao mwili uliobaki kwenye picha ni wa kweli. Umening'inia kweli, misuli ya shingo imekaza, na nguo zinapigwa na upepo wa pale pale.

Ndiyo maana pambano la msitu wa mianzi halijachuja mpaka leo. Chow Yun-fat, aliyeigiza Li Mu Bai, na Zhang Ziyi, aliyeigiza Jen, waliinuliwa kwa kreni juu ya mianzi halisi huko Anji, mkoa wa Zhejiang. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mwembe anajua tawi linavyojibu anapolikanyaga, na mianzi ile inajibu vivyo hivyo: inapinda, inachelewa kidogo, kisha inarudi. Kule kuchelewa ndiko kunakolishawishi jicho. Akili inajua hakuna binadamu anayesimama juu ya ubua, lakini mwili wa mtazamaji unauona ubua ukilalamika chini ya mguu, nao unaamini.

Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye pambano la Shu Lien na Jen ndani ya ua, ambalo kwangu ndilo bora katika filamu zote mbili. Hapo karibu hakuna anayeruka. Jen ameshika Green Destiny, upanga unaokata kila kitu, na Shu Lien anabadilisha silaha kila moja inaposhindwa: mapanga mawili, mkuki, mapanga ya ndoano. Kisha anakamata silaha moja nzito mno. Anaiinua, inamshinda, inaanguka naye. Watazamaji hucheka hapo, na mwongozaji alikusudia wacheke, ila kicheko hicho kinafanya kazi ya ufundi. Kinathibitisha kwamba katika dunia hii chuma ni chuma na mkono wa mama huyu una kikomo. Baada ya sekunde hizo chache, kila pigo linalofuata lina thamani, kwa sababu tumeshaonyeshwa kwamba nguvu zinaweza kuisha. Kamera inakaa mbali kiasi cha kuonyesha miguu na uso katika picha moja. Zhang Ziyi alisomea dansi, naye Yeoh alikuwa na miaka mingi ya filamu za mapigano, kwa hiyo waliweza kumaliza hatua kadhaa mfululizo bila mhariri kuwaokoa kwa mkato.

Rudi sasa kwenye filamu ya 2016. Sehemu kubwa ilipigwa New Zealand, nchi yenye milima na misitu ya kutosha, lakini mara kwa mara nyuma ya wapiganaji kumewekwa mandhari yaliyotengenezwa au kung'arishwa kwa kompyuta. Safari hii kompyuta imeongeza kitu badala ya kukiondoa, na tofauti hiyo inaonekana. Mfano mzuri ni pambano la juu ya ziwa lililoganda. Kwa wazo, ni zuri sana. Barafu inateleza na inaweza kupasuka, kwa hiyo uzito wenyewe ndio ungekuwa hatari. Yuen amelipanga kwa akili, wapiganaji wanateleza na kuzungukana kwa ustadi. Ila mwanga wa pale umelingana kila upande, hewa haina baridi, na kingo za picha ni safi mno. Barafu inapopasuka, nimeona mchoro ukipasuka. Pambano la mwisho mnarani lina shida hiyo hiyo: kimo kinaelezwa kwa picha pana ya kompyuta, halafu tunarudi kwa waigizaji walio karibu na kamera, na kati ya picha hizo mbili hofu ya kuanguka inapotea.

Muda nao umeminywa. Ang Lee aliacha watu wazungumze takriban robo saa kabla ya upanga kuibwa na mbio za juu ya mapaa kuanza, na ngoma za mtunzi wa muziki Tan Dun zilipolia, zililia juu ya ukimya uliokuwa umeshaandaliwa. Shu Lien na Li Mu Bai walikuwa wameshakaa na kuambiana maneno ya pembeni kuhusu upendo wasioweza kuutamka. Mapigano yakawa mahali ambapo watu wale wenye adabu nyingi wanasema ukweli wao. Sehemu ya pili haifikii hata saa moja na dakika 45, na Shu Lien anavamiwa njiani mapema kabisa. Kisha inaingiza kundi la wapiganaji, vijana wawili waliobadilishwa wakiwa wachanga, mchumba aliyedhaniwa kafa, na adui anayeutaka upanga. Hakuna anayepata nafasi ya kunyamaza. Kila pambano linajibu swali la nani atashinda, na mtazamaji hana sababu ya kuuliza lingine.

Kuhusu lugha nitasema kwa tahadhari, maana lawama hii ina pande mbili. Filamu ya kwanza nayo haikuwa safi masikioni mwa Wachina: Chow Yun-fat aliongea Mandarin yenye lafudhi ya Kikantoni, na Michelle Yeoh wa Malaysia alikariri maneno yake kwa sauti kwa kuwa lugha hiyo hakuijua. Watazamaji wengi wa China walilalamika. Lakini ugumu ule ulibaki ndani ya utamaduni wa hadithi. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea filamu za Kichina zenye sauti ya mtafsiri juu yake, kama anavyofanya DJ Afro kwa Kiswahili, anajua kwamba sauti ya asili hubaki chini, nayo humpa mwigizaji pumzi na mdundo wake. Sehemu ya pili imeandikwa na kuigizwa kwa Kiingereza, kisha China ikapewa nakala iliyoingizwa sauti za Kichina. Mdundo wa Kiingereza umeingia mpaka kwenye ukaaji wa mabega. Maneno ya heshima yaliyokuwa yakizuia hisia yamegeuka matangazo, na mabishano kabla ya pambano yamekuwa marefu kuliko yanavyohitaji.

Haki itendeke pia kwa kilichofaulu. Donnie Yen ana utulivu unaofaa, na mapigo yake yanasomeka vizuri kuliko katika filamu nyingi za mwongo ule. Michelle Yeoh anapobaki peke yake mbele ya kamera, uzito wote unarudi kwa sekunde hizo. Nje ya China filamu hii pia ilitoka Netflix, baada ya makampuni makubwa ya sinema ya Marekani kukataa kuionyesha siku ile ile, kwa hiyo wengi waliiona kwenye skrini ndogo ambako picha pana haina faida.

Kwa hukumu yangu, hao waliolalamika walikuwa sahihi zaidi ya waliotetea. Asiyekubali atazame pambano la uani la mwaka 2000, kisha lile la ziwani la mwaka 2016, yote mawili akiwa amezima sauti, na aitazame miguu tu.