Kitabu cha Msomaji Asiye na Mwalimu

Maswali mawili huchanganywa mara nyingi: kitabu kipi kina elimu nyingi, na kitabu kipi chaweza kusomwa na mtu aliye peke yake. Kijana wa Enguserosambu, katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, aliyemaliza kidato cha sita na kutaka kuendelea na hisabati ya fizikia mbali na maktaba ya chuo kikuu, ahitaji jibu la swali la pili. Nyumbani husema Kimaasai. Shule ya msingi alihesabu kwa Kiswahili. Sekondari akahesabu kwa Kiingereza. Mara mbili alijifunza upya majina ya vitu alivyokwisha kuvijua. Basi kitabu chake hakina budi kupimwa kwa lugha yake kama kwa hesabu zake.

Vitatu ndivyo vitajwavyo sana. Mwaka 1966 vilitoka viwili: Mathematical Methods for Physicists cha George Arfken, na Mathematical Methods in the Physical Sciences cha Mary L. Boas. Cha tatu, cha Riley, Hobson na Bence, kilitolewa Cambridge mwaka 1998.

Kitabu cha Arfken ni ghala. Toleo lake la saba lina kurasa zaidi ya 1,200, na ajuaye anachokitafuta atakipata. Lakini ghala si njia: hatua nyingi huachiwa msomaji, nao ujuzi mwingi hudhaniwa anao tayari.

Riley na wenzake huanza na aljebra na kalkulasi za awali, na katika toleo la tatu, la mwaka 2006, mazoezi ya namba witiri yana vidokezo na majibu. Hiyo ni hisani kubwa kwa asiye na msahihishaji. Ila kurasa zaidi ya 1,300 humwonyesha pa kuanzia bila kumwonyesha pa kuruka.

Ubora wa Boas waonekana pale kamba ikatikapo. Katika sura ya 13 ya toleo la tatu yatafutwa joto la bamba la madini. Mlinganyo hupangwa hata upande mmoja ukategemea x tu, na wa pili y tu; kisha kila upande husemwa kuwa sawa na namba isiyobadilika. Kwa nini? Kwa sababu x yaweza kubadilika huku y imetulia. Basi upande wa y haubadiliki, na ulio sawa nao hauwezi kubadilika. Mwandishi mwingine angeiruka sababu hiyo. Boas huieleza, na msomaji huvuka.

Kwa hiyo Boas atangulie, Riley awe kando kwa mazoezi, na Arfken angojewe.

Hata hivyo vyote vitatu ni vya Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilitoa majina; lakini kamusi haitoi hoja. Hoja hubebwa na “kwa sababu”, “basi” na “huku”, maneno ambayo Kiswahili hakikungoja kamati yoyote kuyapata. Hoja ya bamba imekwisha elezwa hapa juu kwa Kiswahili. Lililobaki ni kuandika sura nzima namna hiyo.