Mashine ilivyotia giza katika tangazo la miraa

Juzi mjini Maua, mwenye kibanda cha kuchapisha mabango alinieleza sheria yake: akili unde haitungi tangazo, inasahihisha tu. "Maneno ni yetu, mwalimu. Hiyo mashine kazi yake ni kupiga pasi." Nikampongeza. Kisha nikasoma bango ukutani: "Giza jipya limeingia!"

Kumbe muuza miraa alikuwa ameandika "Giza mpya imeingia." Mashine ikaona kosa. Kweli, giza la usiku limo katika ngeli ya LI. Lakini giza ya Igembe, sawa na kangeta na alele, ni aina ya miraa, na muuzaji aliipatanisha na miraa yenyewe: imeingia. Upatanisho huo ndio unaotenganisha bidhaa na kiza. Sentensi imenyooka, tangazo limekufa.

Mpaka aliouweka ni mzuri, ila hautoshi. Mashine ikitunga, kila mtu atakagua. Ikisahihisha, nani ataishuku? Basi iachiwe tahajia na nukta. Upatanisho aulizwe mwenye kibunda mkononi.