Ndege na Kipepeo wa Bustani katika Mchoro wa Tingatinga: Uchambuzi wa Ufundi

Mchoro wa Tingatinga, ambao leo hununuliwa sana na wageni wanaopita Arusha wakielekea mbugani, hutambulika kwa mambo matatu: umbo bapa lisilo na kivuli, mzingo uliokatwa wazi, na nukta nyingi zinazojaza mwili wa mnyama. Sifa hizo mara nyingi huelezwa kuwa ni mtindo tu, ilhali kwa kiasi kikubwa zimetokana na tabia ya rangi inayotumika. Uchambuzi huu unaonyesha jinsi rangi hiyo inavyomwongoza mchoraji, kisha unaipima kwa viumbe watatu wa bustani za Makumira, kandokando ya barabara ya Arusha–Moshi chini ya Mlima Meru, ambako migomba, michungwa na maua ya uani huwaleta ndege na wadudu karibu kabisa na macho.

Mwasisi wa mtindo huu, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alianza kuchora mwaka 1968 bila kupita katika shule yoyote ya sanaa. Alitumia vilivyopatikana kwa bei nafuu: vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, pamoja na rangi ya kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alipodhaniwa kuwa mhalifu, hivyo uchoraji wake ulidumu takribani miaka minne tu. Hata hivyo wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa jamaa zake, waliuendeleza hadi kuunda ushirika mwaka 1990.

Rangi ya baiskeli ni rangi ya mafuta yenye utomvu ulioyeyushwa, na hukauka kwa hatua mbili, kwanza kiyeyushi kinapopaa hewani, kisha utomvu wenyewe unapoungana na oksijeni na kuwa mgumu. Tabaka la pili likipakwa kabla la kwanza halijakomaa, kiyeyushi chake hulilainisha lile la chini na uso wote hukunjamana. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuchanganya rangi kidogokidogo hufanywa mara moja tu, kwenye mandhari ya nyuma, wakati rangi ingali mbichi: nyeupe na buluu huguswaguswa kwa kitambaa au sponji hadi mpaka kati yake utoweke. Baada ya hapo ubao huachwa ukauke, na kila kinachofuata huwekwa kama bapa la rangi moja, kisha mzingo, na mwisho nukta, ambazo hupigwa kwa ncha ya brashi au ya kijiti na kushika nafasi ya kivuli ambacho rangi hiyo hukitoa kwa shida.

Mfano wa kwanza ni chozi, na hasa yule ambaye wanasayansi humwita Cinnyris venustus. Dume ana kichwa na mgongo wa buluu na kijani unaometameta, utepe wa zambarau kifuani, na tumbo la njano. Mmetameto wake hutokana na vipande vidogo mno vya melanini vilivyopangwa kwa tabaka ndani ya nyuzi za unyoya, ambavyo hurudisha mwanga kwa namna inayobadilika kadiri ndege anavyogeuka. Rangi ya mafuta hung'aa uso mzima kwa namna moja, kwa hiyo haiwezi kuiga badiliko hilo, na mchoraji hodari huliashiria kwa tofauti: huweka buluu nzito pembeni mwa nyeusi, kisha hupitisha mstari mwembamba wa kijani kilichopauka upande wa mwanga. Zambarau na njano, ambazo kila moja huikoleza mwenzake, zimekwisha kuwekwa pamoja na maumbile yenyewe. Aidha, chozi anapofyonza nekta kwa kawaida hutua juu ya kikonyo, hivyo kikonyo kinapaswa kuchorwa imara na vidole vya ndege vionekane vikikishika.

Mfano wa pili ni mnana aitwaye Ploceus baglafecht. Mchoraji aliyezoea kwamba jike wa ndege huwa hafifu kuliko dume atakosea hapa, kwani katika jamii inayoishi nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania dume ana paji la njano na barakoa nyeusi, huku jike akiwa na kichwa cheusi chote, na wote wawili wana mgongo mweusi na tumbo la njano lililokolea. Tofauti hiyo huhitaji mabapa mawili tu ya rangi, jambo linaloufaa mtindo huu kikamilifu.

Mfano wa tatu ni kipepeo Papilio demodocus, ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa na milimao. Mabawa yake meusi yenye madoa ya njano yanaelekea kuwa yamebuniwa kwa ajili ya ufundi wa nukta, lakini kuna mtego: rangi ya njano haifuniki nyeusi vizuri, na nukta iliyopigwa moja kwa moja huingia ukijani uliofifia. Dawa yake ni kutanguliza nukta nyeupe, kungoja ikauke, kisha kupiga ya njano juu yake. Bawa la nyuma halina mkia, na kwenye kona yake ya ndani kuna doa la nyekundu na buluu, alama ambayo humwonyesha mara moja mtazamaji kama mchoraji alimwona mdudu huyo au alinakili picha ya kipepeo wa nchi nyingine.

Hapo ndipo penye hoja kuu. Soko la utalii huomba tembo, twiga na simba, na michoro mingi hunakiliwa kutoka michoro mingine, hivyo kila nakala hupoteza jambo dogo: kucha, mkunjo wa mdomo, doa la bawa. Rangi inayokataa masahihisho humtaka mchoraji aamue kila kitu kabla ya kuchovya brashi, na uamuzi sahihi hutokana na kutazama mara nyingi. Simba hutazamwa kwa dakika chache kutoka garini, ilhali chozi hurudi kwenye ua lilelile kila asubuhi. Wachoraji wa Arusha wanaofundisha vijana wangefanya jambo la maana sana kama wangelifanya zoezi la kwanza kuwa penseli, daftari na ndege wa uani, na kopo la rangi likafunguliwa baadaye.