Bakteria wa Udongo na Fosforasi: Kuzalisha, Kuyeyusha au Kufungua?

Istilahi mbaya ya fasihi humchosha msomaji. Istilahi mbaya ya kilimo yaweza kumtia mtu hasara ya msimu mzima. Yafaa basi tuyapime maneno yanayotumiwa kuwaeleza wakulima habari za bakteria wanaoisaidia mimea kupata fosforasi. Tuyapimie Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma.

Sehemu nyingi za huko udongo ni mwekundu tena una asidi. Chuma na aluminiamu huishika fosforasi hata mizizi ya mahindi na maharage isiweze kuifyonza. Mmea hudumaa, na majani ya mahindi hugeuka rangi ya zambarau, ingawa fosforasi imo udongoni. Baadhi ya bakteria, wakiwamo wa jenasi za Bacillus na Pseudomonas, hutoa asidi zinazoiachanisha na madini hayo. Wengine hutoa vimeng'enya vinavyoitoa katika mabaki ya mimea na wanyama.

Neno la kwanza lenye kasoro ni "vimelea". Kimelea huishi kwa kumnyonya mwingine. Bakteria hawa hawamnyonyi mtu wala mmea. "Vijidudu" nalo halifai, maana mwananchi akilisikia hufikiri ugonjwa na kutafuta dawa ya kuviua. Tubaki na "bakteria", neno lililokwisha kuzoeleka shuleni.

Kosa kubwa zaidi ni kusema kwamba bakteria "huzalisha" fosforasi. Fosforasi ni elementi. Hakuna kiumbe aizalishaye. "Mbolea hai" nayo ina hatari hiyo hiyo: mkulima atadhani kwamba ameongeza chakula cha mimea, kumbe ameongeza wafanyakazi tu. Mahali ambapo fosforasi yenyewe ni haba, wafanyakazi hao watakuta ghala tupu. Hapo hapana budi kuongeza fosfeti, kwa mfano ile ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye asidi.

Wako wapendao "kuyeyusha". Neno hili ni sahihi kwa kazi ya asidi, lakini haliielezi vema kazi ya vimeng'enya. Isitoshe, hutumika pia kwa barafu na samli zipatapo joto. Mwandishi huyu anapendekeza "kufungua": fosforasi imefungwa, bakteria huifungua. Neno hilo lazikusanya kazi zote mbili, nalo halidai kwamba kitu kipya kimeumbwa. Tungepata basi "fosforasi fungwa", "fosforasi huru" na "bakteria wafungua fosforasi".

Huenda mtaalamu akasema kuwa neno hili ni la kawaida mno. Lakini ukawaida si dosari ikiwa maana haipotei. Kabla ya kulisanifisha, na lipelekwe kwa wakulima wa Kasulu na Kibondo, waulizwe wamelielewaje. Wakijibu kwamba bakteria huachia kilichomo na hawaongezi kisichokuwamo, istilahi itakuwa imefaulu.