Ufumaji na Vijana wa Nchi ya Pamba

Katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa, kazi za mikono hutajwa mwisho, baada ya ngoma, nyimbo na mashairi, kana kwamba ufundi ni jambo la vidole pasipo akili. Mawazo hayo yana kasoro, na historia ya Shinyanga na Geita yatuonyesha kasoro hiyo.

Nchi hii ni nchi ya pamba. Burton, aliyesafiri Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, aliwakuta wafumaji kazini. Uzi ulisokotwa kwa mkono, mtande ukatandazwa, kisha mshindio ukapitishwa na kushindiliwa mpaka nguo ikakamilika. Ufundi huo haukufa kwa kudharauliwa. Uliuawa na bei. Merikani iliyofumwa kwa mashine huko Marekani, na baadaye nguo za Uingereza na India, zililetwa na misafara, nazo hazikumdai mnunuzi siku nyingi za kazi. Wakoloni nao walihimiza pamba iuzwe, si ifumwe.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wasemao kwamba yatosha kuwahimiza vijana waupende utamaduni wao. ‘Mwacha asili ni mtumwa’ ni methali njema; lakini kijana wa miaka 15, aonaye wenzake wakishuka katika maduara ya dhahabu, hatazuiwa na methali. Kikapu hakiwezi kushindana na dhahabu siku ya bahati. Chaweza kushindana na siku nyingi zisizo na bahati, endapo kimesukwa kwa ustadi na mnunuzi yupo.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yametufaa kwa kuhifadhi vyombo. Hata hivyo, chombo kilichohifadhiwa huonyesha kazi iliyokwisha. Hakisemi vidole vilianzia wapi. Jambo hilo hufundishwa na mtu kwa mtu.

Je, shule imelifundisha? Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo viende pamoja, lakini katika shule nyingi kazi ikawa jembe tu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, wenye mkondo wa amali katika sekondari, umefungua mlango tena. Mlango huo hautafaa kitu ikiwa mwanafunzi ataulizwa kutaja hatua za kusuka kikapu, akazitaja, akapewa alama. Yafaa apewe ukindu. Asuke, akosee, afumue, asuke tena. Na bibi wa kijijini asiye na cheti akaribishwe darasani kuwa mwalimu, naye alipwe kama mwalimu.

Sisi tutungao mashairi twajua kwamba mizani haijifunzwi kwa kuelezwa. Kuhesabu nyuzi si kazi duni kuliko kuhesabu mizani: zote mbili zadai akili itulie na kosa lionekane mapema. Taifa linaloipima kazi moja kwa heshima na nyingine kwa huruma halijaujua bado utamaduni wake.