Nabothi Ana Jibu Moja Tu

Kama hujasoma In Season and Out of Season, mkusanyo wa mahubiri ya David Gitari uliotoka 1996, itafute. Huyu askofu wa Kianglikana alijua kusimulia. Mnamo 1987 alihubiri Nyeri kuhusu Danieli na mfalme Dario, aliyeshawishiwa na wakubwa wake kupitisha sheria haraka haraka. Mwaka mmoja kabla, Bunge letu lilikuwa limebadilisha katiba na kumpokonya Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi yake. Moi hatajwi. Ni Dario tu, na simba. Halafu wanasiasa wakafoka, na kwa kufoka wakawa wamejitaja wenyewe. Hiyo ni akili, wasee.

Na haikuwa mchezo. Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku, akaponea juu ya paa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifia barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumwonya asikanyage huko.

Ninapokwama ni kwa Nabothi. Gitari alimtumia kuwasema wanyakuzi wa ardhi, na mfano unakaa sawa kabisa. Lakini rudi kwenye hadithi yenyewe: Nabothi ana jibu moja tu, kwamba hauzi urithi wa baba zake, kisha anapigwa mawe. Jukwaa lote linabaki la Ahabu na Eliya, na Eliya anafika mwenye shamba akiwa ameshakufa.

Nasomea haya Kishushe, juu ya udongo wenye chuma. Uliza hapa ardhi ni ya nani na nani anakula hayo madini. Chai itapoa kabla hujamaliza kusikiliza. Huku hatumsomi Nabothi kama mfano. Tunakaa naye.

Ndivyo hadithi za kanisa na watawala zinavyopenda kwenda. Canossa, 1077: mfalme Henry IV anasimama kwenye theluji siku tatu akimwomba Papa Gregory VII msamaha. Picha kali sana. Wanakijiji ambao mashamba yao yalikanyagwa na vita vilivyofuata hawapo ndani.

Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maikrofoni kanisani. Poa. Sasa hiyo maikrofoni anapewa nani? Kwenye ibada nyingi ninazozijua, imerudi kwa askofu.